Mpungate Aliyeng'olewa Kilimani

KITUO CHA POLISI, VILIMANI MAGHARIBI, TUCSON, ARIZONA
MAELEZO YA SHAHIDI, 23 JUNI

Jina: Philomena Listo. Umri: miaka 63. Kabila: Tohono O'odham. Kazi: dereva mstaafu wa basi la shule. Makazi: magharibi mwa Tucson, chini ya milima.

Nasema haya nikiwa na akili timamu, ingawa hasira haijaisha yote.

Mnamo tarehe 20 Juni, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mimi na binamu yangu Delphine Enos tulifika porini, nyuma ya mtaa wa nyumba mpya, kuchuma matunda ya mipungate kabla jua halijawaka. Kibali tunacho. Kila mwaka tunaanza na mpungate mmoja mrefu kama nguzo ya umeme, mwenye matawi mawili kama mikono. Tunamwita Bibi, kwa sababu kwetu mipungate hii ni watu. Hakuwepo. Palikuwa na shimo na alama za magurudumu ya lori. Delphine aliketi akalia. Mimi nilifuata magurudumu.

Saa moja asubuhi nilimkuta mbele ya nyumba namba 14, ameshikiliwa kwa mbao. Mpungate akihamishwa kihalali hutiwa alama ya chaki ubavu wa kusini, ili asimame alivyozoea jua. Bibi aligeuzwa. Ubavu wake wa kivulini ulikuwa juani, umeshaanza kuwa njano. Angeachwa hivyo, angebabuka mpaka afe.

Mtunza bustani wa nyumba hiyo, Kyle Brandt, alikuwa akimwagilia. Nilimwambia amrudishe. Akacheka.

"Mama, mipungate yote inafanana. Lebo ya serikali ya ruhusa ya kuuhamisha hiyo hapo, soma mwenyewe."

"Lebo hata mbuzi wangu naweza kumvisha," nilimjibu. "Huyu nimemjua kabla wewe hujazaliwa."

Nikakupigia simu, Afande Ybarra. Ulipofika saa mbili na nusu, Brandt alisema kikongwe nimechanganywa na joto. Mwenye nyumba, Bi. Hensley, akatoka nje. Kabla mtu hajagusa ngazi ya Brandt iliyoegemea ukutani nilisema hivi:

"Panda, Afande. Kwenye kwapa la mkono wa kushoto kuna kijiti chenye waya wa shaba. Ni ncha ya upembo wa marehemu mama, ule wa kuangulia matunda. Ilinasa pale mwaka 1998, akatununia siku nzima."

Ulipanda. Ulishuka nacho, na waya wake. Brandt akaanza kukunja mpira wake wa maji.

"Uliniambia umeununua, mshenzi wewe!" Bi. Hensley alimfokea. Kisha akaniuliza, "Sasa tumsaidieje, mama?"

Tarehe 21 kreni ilimrudisha. Watu wa nyumba mpya, ambao tangu wahamie walituchungulia tu dirishani, walikuja na makoleo. Nilisimama shimoni mwenyewe nikiwaelekeza mpaka uso wake ukarudi kusini. Mtaalamu wa mimea alisema tumemuwahi, atapona. Nilipiga vigelegele, wala sioni haya kukiri.

Matunda tisa yalikuwa bado kichwani mwa Bibi. La kwanza nilikula, nikaacha ganda chini, wekundu wake ukitazama mbinguni, kama tunavyoomba mvua.

"Na mimi niweke?" Bi. Hensley aliuliza.

"Weka, mwenzangu. Kwani kwako hainyeshi?"

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo. Nitayarudia mahakamani mbele ya Brandt, nikiwa nimevaa gauni langu zuri.

Sahihi: P. Listo

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa na kukubali. Alikataa kutia sahihi mpaka maneno "mali iliyoibiwa" kwenye fomu yabadilishwe kuwa "mtu aliyetekwa". Nilimweleza kwamba fomu hairuhusu. Nimebadilisha.

R. Ybarra