Jiko la Kioo la Kiwalani

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimekwenda Kiwalani kumwona kwa macho yangu huyo mwanamke ninayesikia habari zake. Nimejifanya mteja wa chapati. Anaitwa Hamisa, mjane, mtoto wa Pwani, ana sauti ya kubembeleza. Mzuri? Wa kawaida tu. Mwongo mie. Mzuri!

Mezani kwake jiko la gesi la kioo, jipya, bado lina nailoni ya dukani. Akaibandua yote mbele yangu, taratibu, akafuta na kitambaa. Nikamuuliza, hongera dada, umenunua wapi? Akacheka. Eti kanunuliwa na fundi mmoja wa vinyago pale Mwenge, Lusungu, mtu mstaarabu sana.

Lusungu wangu! Mie miaka yote napuliza mkaa hapa Mabibo, macho mekundu, nikiomba jiko naambiwa biashara mbaya, watalii hawaji. Kumbe biashara ni mbaya nikiomba mie tu!

Chapati nimezimwaga jalalani. Zilinukia vizuri, ndiyo kilichoniuma.

Jumapili, 10 Agosti

Lusungu kaaga anakwenda ibada ya kwanza. Kabla sijatoka kwenda ya pili, simu: yuko hospitali. Kioo cha jiko kimepasuka, moto umemrukia. Mkono wa kulia — wa patasi! — umeungua, na vioo vimekata mpaka kano za vidole.

Nimelia. Halafu nikamuuliza, jiko gani? Akageukia ukutani.

Hamisa alikuwa kwenye benchi la nje, khanga yake imejaa damu ya mume wangu. Akanitazama sana. Wewe si yule dada wa chapati? Nikampita kama simjui. Yaani hata kulipukiwa, kaenda kulipukiwa kwa mwenzangu! Damu yake kaifuta yeye, mie nimekuta bandeji tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Vidole viwili havikunjiki. Daktari anataka upasuaji mwingine, na usicheleweshwe. Hela tutaitoa wapi?

Amekuja kaka Eliaichi, wakili tunayesali naye. Kasema tusikate tamaa. Lile bango la dukani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi halimfutii mtu haki yake, bidhaa ikiwa mbovu na ikamuumiza. Aliyeleta hayo majiko nchini ana bima, tudai huko, wakikataa twende Tume ya Ushindani. Jiko lisiguswe, lisioshwe, lisitengenezwe. Linakaa wapi, akauliza.

Lusungu akasema, kwa mteja wangu mmoja.

Mteja! Moyoni nikasema, chapati zake unazinunua kwa jiko zima?

Ijumaa, 22 Agosti

Watu wa bima wamejibu. Wanasema jiko halina kosa, mtumiaji aliwasha bila kubandua nailoni, ndiyo maana kioo kikapasuka. Na nani atawabishia? Mjini hapa nani anabanduaga? Sofa za dada Gladness, jirani yangu, zina nailoni tangu harusi. Rimoti yangu mwenyewe nimeifunga nailoni.

Hamisa anaapa alibandua. Wao wanasema alete mtu mwingine aliyeona.

Nimefurahi! Mungu anisamehe, nimefurahi. Liwe kosa lake, aitwe mzembe mbele za watu, tuone kama ile sauti itamsaidia.

Jioni Lusungu alikuwa anafunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto. Ameshindwa. Hakuniomba. Nikakaa pale pale, nikamwangalia mpaka akaliacha shati wazi.

Jumatatu, 1 Septemba

Sijalala vizuri. Nikisema nilimwona akibandua, wataniuliza nilifuata nini kule. Nitasema chapati? Kutoka Mabibo mpaka Kiwalani? Itabidi niseme yote mbele ya Eliaichi, na kanisani wajue. Na Lusungu atajua nilijua tangu mwanzo, nikawa namchotea chakula na kucheka naye.

Na Hamisa atatoka msafi. Hilo ndilo gumu kuliko yote.

Jumanne, 2 Septemba

Naandika kwenye simu, nimejifungia choo cha ofisini kwa Eliaichi. Mtu wa bima yuko pale na mkoba wake, anasema leo ndiyo mwisho, bila shahidi wanafunga shauri. Lusungu kauficha mkono chini ya meza.

Mtu wa bima akamuuliza Hamisa, kuna aliyekuona ukibandua? Hamisa akaniangalia. Si kwa ubaya, hapana, angeniangalia kwa ubaya ningejua la kufanya. Akasema, yupo, lakini sina ruhusa ya kumtaja.

Lusungu akadakia, nani? Hamisa, mtaje basi, ni mkono wangu huu! Sijawahi kumsikia anaomba hivyo. Nikasema nabanwa, nikakimbilia huku.

Wanagonga. Nilidhani ni Lusungu. Siyo, ni Hamisa. Anaongea chini chini mlangoni: "Dada Tupokigwe, usiogope. Kama unaona aibu, mie nitasema sikubandua. Ila mkono wake, dada. Mkono wake."

Shenzi kabisa! Yaani hata kumpenda anataka anizidi!

Bado amesimama hapo. Namsikia anahema. Nimeshika kitasa.