Vyura Wawili Kwenye Ludo

Jumatatu, 3 Machi
Duka langu la dawa za mifugo limepoa. Wateja watatu tangu asubuhi, wote wa dawa ya kupe. Nimecheza ule mchezo wa kupanga peremende hadi maisha yote matano yakaisha. Ni mchezo wa wavivu na ninaupenda. Ukishindwa unangoja kidogo, unajaribu tena, na hakuna anayejua. Wa mpira nimeufuta. Wachezaji wanakimbia wanakotaka wao, mimi nabonyeza bure tu. Wa magari unanipa kichefuchefu.

Wazee wa kina Kibet wanakuja kwetu Jumamosi ya wiki ijayo kuniposa. Zimebaki siku kumi na mbili.

Jumatano, 5 Machi
Mchezo wa shamba. Nusu ya watu wa hapa Litein wanausifu. Mimi nimechuma chai tangu darasa la tatu, mvua ikininyeshea mgongoni. Sasa nivune mahindi kwenye simu ili nijiburudishe? Na ng'ombe wa humo hawaugui. Ningekosa kazi. Nimeufuta pia.

Ludo pekee haijanichosha, na si kwa uzuri wake. Ludo yenyewe ni bahati tupu, hata kuku angeshinda. Ila huko ndiko nilikompata Kibet, mwaka jana. Unapojiunga unachagua picha ya mnyama. Watu wote huchukua simba au chui. Mimi nilichukua chura. Siku moja nikaingia nikakuta chura mwingine. Akaandika: "Chura mwenzangu, hawa simba tuwamalize." Tukawamaliza. Nilicheka hapa dukani hadi mteja akauliza kama niko sawa.

Ijumaa, 7 Machi
Jioni tukikamua, Mama akauliza: "Na huyu Kibet ni wa oret gani?"

Sijui. Mwaka mzima, na sijui ukoo wa mtu ninayetaka kuolewa naye. Najua timu yake. Najua hali vitunguu. Najua viazi vyake vya Londiani viliuzwaje msimu uliopita. Sisi wa simu tunaulizana kila kitu isipokuwa hicho, halafu tunashangaa. Wazee hawatataja hata ng'ombe mmoja kabla ya kuulizana oret. Tukiwa wa ukoo mmoja hakuna ndoa, mambo yameisha hapo hapo.

Mama hakunigombeza. Aliendelea kukamua, na Mama asiponigombeza mimi silali.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekumbuka kitu na tangu nilipokikumbuka sijala.

Chura nilimchagua kwa ajili ya marehemu Baba. Ndiye mnyama wa ukoo wetu. Chura akiingia jikoni, Baba alimbeba kwa jani hadi mferejini, na ole wako umpige. Sasa Kibet alimchagua kwa nini? Siku zote nilidhani ni utani. Sijawahi kumuuliza. Leo nimeandika swali hilo mara nne na kulifuta mara nne. Mwoga mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemuuliza. Akajibu haraka, hana habari: "Si huyo ni mnyama wetu huku nyumbani. Babu alikuwa anatuchapa tukimrushia mawe. Kwani?"

Nimefunga duka saa sita mchana. Sijawahi kufunga saa sita.

Nilijaribu peremende nikiwa nimekaa kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe. Ukikwama kwenye mchezo ule, wenyewe unakuonyesha pa kubonyeza. Zamani niliona hiyo ni dharau kwa mchezaji. Leo ningeipokea kwa mikono miwili.

Jumatano, 12 Machi
Shangazi anasema nisife kabla ya siku yangu. Mnyama mmoja anaweza kuwa wa koo mbili tofauti, na watu wa hivyo wameoana na wana watoto. Lazima wazee wahesabu vizazi wenyewe. Nimeshikilia hilo neno lake tangu asubuhi.

Nimepakua drafti. Mbaya kabisa. Unaona hatari ikitoka mbali, unaihesabu, na huna pa kuhamia. Anayecheza hiyo kwa raha ana moyo wa jiwe.

Kibet anasema tusijitishe. Lakini jana alishindwa ludo mara tatu mfululizo bila kulalamika, na Kibet hajui kushindwa. Anaogopa kuliko mimi. Nampenda zaidi kwa hilo na inaniuma zaidi kwa hilo.

Ijumaa, 14 Machi
Mama amesafisha vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa mkaa. Baba Mdogo amefika, ndiye atakayesema kwa niaba ya Baba. Hakuna mchezo leo.

Jumamosi, 15 Machi
Walikuja wanane. Kibet alivaa koti la kakake, mabega yalimpwaya. Tuliangaliana mara moja tu.

Mimi nilikuwa jikoni na Shangazi. Baba Mdogo akataja nyumba yetu, mzee wao akataja yao. Wakaanza kurudi nyuma, jina kwa jina. Baba, babu, baba wa babu. Niliyasikia yote kupitia ukuta wa mbao. Majina yalikuwa tofauti, nikaanza kupumua. Kisha wote wawili wakataja mtu mmoja. Huyo ndiye aliyemzaa babu yetu mkubwa na ndugu yake aliyehamia Londiani zamani, babu wa kina Kibet.

Halafu kicheko. Walifurahi. Wazee walikumbatiana, walikuwa wamepata watu wao waliopotea. Mursik ikamiminwa upya. Mama akaniita nije nisalimie ndugu zetu.

Nikaenda. Nikasalimia wote wanane kwa mkono. Wa Kibet ulikuwa baridi.

Jumanne, 18 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimefungua duka kama kawaida.

Nimepakua mchezo mpya, wa kupanga matofali yanayoanguka. Si mbaya. Unacheza peke yako na hauna mahali pa kuandikiana.

Saa nne ujumbe wa Kibet ukaingia. Wa kwanza tangu Jumamosi. "Dada, umeamkaje?"

Hajawahi kuniita hivyo. Nimeuacha wazi huo ujumbe muda mrefu. Najua amechukua siku tatu kuliandika neno hilo moja.

Nimemjibu: "Nimeamka salama, ndugu yangu. Huko nyumbani hamjambo?"

Kisha mzee mmoja akaingia, anataka dawa ya minyoo ya ndama. Nimempimia.