Namna Nilivyotoka Kwenye Kundi Lako

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko kambini, wewe na wapima ardhi wenzako wote. Natumaini goti limepoa na hema limeacha kuvuja. Huku nyumbani hatujambo. Mama naye hajambo, ila amegombana tena na redio. Huizima taarifa ya habari ikiwa katikati, kwa kuwa msomaji, asema, ana sauti ya mtu anayeficha jambo. Mimi ni mzima. Dukani kazi ni ile ile: kusaga lenzi, kuzing'arisha, na kuwaeleza wateja kwa upole kwamba miwani yao haijaharibika, ni michafu tu.

Katika barua yako ya mwisho umeniuliza mambo mawili: kundi letu la mchezo wa mtandaoni linaendeleaje, na kwa nini Mwalimu, mwenzetu wa kundini, amekunyamazia wiki tano nzima. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujakasirika. Ukikasirika mapema utaikosa sababu iliyo kubwa zaidi, iko mbele.

Kundi si lile uliloliacha. Ulipoondoka kwenda mahali pasipo na mtandao ulimwachia Fundi Lifti uongozi, na ukatuachia adabu zako za kutoka: mtu haondoki mechi ikiwa katikati, huaga kwa mdomo wake wala si kwa meseji, na akishaondoka hawasemi aliowaacha. Wewe mwenyewe uliaga hivyo, tukacheka, Kobe mwoka mikate akapenga kamasi kwenye maiki tukasikia wote.

Fundi Lifti alikuwa mtu mwema ngome yetu ikisimama. Ikianguka, anakuwa mwingine. Nafasi yako ya mtu wa tano wameikalia wageni sita, na wote sita amewafukuza kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa tarishi. Mmoja alikuwa mama mtu mzima, mshonaji, aliyechelewa kufunga lango kwa sababu mjukuu wake alikuwa akilia. Fundi Lifti alimwambia akalee, mchezo una wenyewe. Sote tulisikia. Sote tulinyamaza, na mimi nilinyamaza kuliko wote, maana aliponisifu nilipenda kusifiwa.

Kisha tukaanza kushindwa kila Jumamosi. Kila tulipopita lango la kaskazini tuliwakuta maadui wametusubiri, kana kwamba wameambiwa. Fundi Lifti akasema kati yetu kuna mtu anayetuuza. Neno hilo liliniingia, kaka, likakaa. Nikajisemea kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaanza kuzikagua nguo za wenzangu.

Kobe nilimwona hana akili ya usaliti. Mtu anayeoka mikate tangu alfajiri hana muda wa kula njama. Nikabaki na Mwalimu. Niliona mambo. Maiki yake na ya Kobe zilizimwa pamoja na kuwashwa pamoja. Aliniuliza, kwa sauti ya kawaida mno, kama mimi na Fundi Lifti huongea nje ya mchezo. Nikajiuliza, anataka kujua ili iweje? Halafu Jumamosi moja Kobe alituma meseji kwenye kundi zima, ikakaa kidogo tu akaifuta, lakini macho yangu ndiyo kazi yangu. Ilisema: "Mdogo wake asijue kwanza."

Mdogo wa nani tena, kama si mimi?

Nitakuambia na jingine, ingawa halinipendezi. Nilikuwa na kijiba cha roho tangu ulipoanza kumwandikia Mwalimu. Mama alikuwa akinitania kwamba nitapata wifi kupitia wifi, nami nilicheka pamoja naye, lakini moyoni nilijiuliza mtu ambaye hatujamwona hata mara moja ameingiaje nyumbani kwetu. Sauti nzuri mtu yeyote anaweza kuwa nayo. Kwa hiyo ushahidi ulipokuja, nilikuwa nimeshauandalia kiti.

Nikamwandikia Fundi Lifti pembeni. Nikamwambia anayetuuza ni Mwalimu, na kwamba nina hakika. Hakika sikuwa nayo. Nilikuwa na meseji iliyofutwa, na maiki mbili zilizozimwa pamoja.

Nilidhani atamwita amuulize. Hakumuuliza. Alingoja mechi ifike katikati, Mwalimu akiwa peke yake langoni anatulinda, akamfungia sauti, akamtukana yeye na kazi yake na wanafunzi wake, kisha akamtoa. Tulimwona mtu wake pale kwenye skrini amesimama, halafu hayupo. Tulishindwa baada ya dakika mbili. Fundi Lifti hakujali. Alikwenda kwenye ubao wa matangazo, unaosomwa na kila mchezaji, akaweka jina la Mwalimu na neno "msaliti", ili asipokelewe na kundi lolote. Kobe akasema, "Mikate yangu inaungua." Ilikuwa alasiri ya Jumamosi, kaka, siku ambayo haoki. Akatoka, hajarudi.

Jumamosi iliyofuata tulicheza na wageni watatu, na pale lango la kaskazini tuliwakuta maadui wametusubiri vilevile. Hapo ndipo nilipofungua rekodi za mechi zetu za nyuma nikazitazama moja baada ya nyingine. Fundi Lifti ametupitisha lango hilo mechi kumi na tisa mfululizo. Anayepita njia moja kila siku hahitaji kuuzwa na mtu.

Nikaaga, na safari hii nikafuata adabu zako. Nilicheza mechi mpaka ikaisha. Niliwasha maiki nikasema natoka, na kwamba dhidi ya Mwalimu sikuwa na ushahidi wowote. Nikamwomba Fundi Lifti alifute lile neno. Alicheka, akasema, "Si wewe uliyeniletea?" Ni kweli, ni mimi. Alikataa kulifuta. Basi nikaandika chini yake, kwa jina langu, kwamba aliyemsingizia ni mimi, na sababu ni kwamba nilimshuku. Mshonaji yule aliyefukuzwa akaniandikia chini ya hapo kwamba kulala na wanaouma ndiko kunakomfundisha mtu kuuma. Hapo nikatoka.

Ungedhani barua imefika mwisho. Sasa ndiyo tumefika nilipokuomba usikasirike mapema.

Unajua barua zako zinapita kwangu, kwa kuwa ofisi ya kampuni yenu hupokea za ndugu tu. Mwalimu hutuma zake dukani, nami huzipeleka kila Alhamisi. Siku tatu baada ya Mwalimu kutolewa, barua yake ilifika. Alikuwa ameituma kabla ya lile tukio. Niliiweka chini ya kile kitambaa cha kufutia lenzi, nikamhudumia mteja mmoja, wa pili, na wa tatu. Kisha nikaifungua.

Nilikuwa natafuta usaliti. Nilikuwa nauhitaji, kaka, ningeupata ningelala. Nilichokuta ni hiki. Yeye na Kobe walikuwa wamechoshwa na matusi na walitaka kuondoka vizuri, kama ulivyoondoka wewe. Alitaka kuniondoa na mimi, lakini alikuwa hajui kama nampelekea Fundi Lifti maneno. Akakuuliza wewe unayenijua tangu utotoni, mdogo wako ni mtu wa namna gani? Kama utamwambia kwamba naaminika, alisema, atanieleza siku hiyo hiyo. Na kama utanyamaza, atanieleza hivyo hivyo, kwa sababu si vizuri kuniacha peke yangu na mtu yule.

Sikuipeleka Alhamisi hiyo. Wala iliyofuata. Imekaa nami wiki tano. Kwa hiyo Mwalimu hakukunyamazia. Mimi ndiye niliyemnyamazisha, mara mbili, mchezoni na kwako.

Nilipomwandikia kumwomba msamaha alinijibu kwa mstari mmoja, na mpaka sasa sijui kama ni upole au ni mtego: "Barua yangu ya mwisho ilimfikia kaka yako?" Nimekaa na swali hilo siku nne. Leo, nikitoka ofisi ya kampuni yenu, nitamjibu kwamba imekwenda, na kwamba imekwenda ikiwa imeshafunguliwa, nami nitamtajia aliyeifungua.

Msalimie mpishi wa kambi na yule dereva anayekuletea bahasha hizi. Mama anakuombea, ananituma nikuulize kama unakula. Ukiamua kutoniandikia kwa muda nitaelewa, lakini mwandikie Mwalimu, na mtumie moja kwa moja, zisipite kwangu tena.

Barua yake nimeitia humu, nyuma ya yangu. Ina kurasa tatu. Zihesabu, kaka. Ningekuwa wewe, ningezihesabu.

Ni mimi mdogo wako,
wa dukani kwa miwani