Nilisoma Hewani Vitisho vya Kumtisha Msusi Wangu

Mshauri Wangechi mpendwa, nisaidie kabla Ijumaa haijafika, akili zangu zimefika mwisho. Mimi ni mtangazaji wa kipindi cha salamu katika redio moja hapa Nakuru, na tangu yule (jina nimelikata mimi – Mshauri) awaue wale warembo watatu wa hosteli, stesheni yetu haina habari nyingine, ni yeye asubuhi na jioni, eti alikuwa mpole, eti alikataliwa, eti moyo ulivunjika, na wasikilizaji wameongezeka, na sasa bosi wangu Muturi anataka Ijumaa nisome hewani maandishi aliyoyaacha mtandaoni, anasema, "Watu wanataka kujua ni nini ilimuuma huyo kijana." Hilo ningelivumilia, lakini wiki jana zilikuja salamu za mtu anayejiita Mfalme wa Kaptembwo, na sisi salamu huzisoma zilivyotumwa, nikazisoma kwa ile sauti yangu ya kuchangamka: "Ziwafikie wanaume wote waliokataliwa, na Joyline wa saluni Bondeni aambiwe yule wa hosteli hakuwa peke yake," nikacheka kidogo, nikaweka wimbo. Jumapili tukiwa mezani kwa mama, ndugu yangu Levis, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, akaniambia, "Sista, ulisoma poa sana. Maboyz wame-record, imezunguka group yote." Kumbe Mfalme ni yeye, na hilo kundi ni la wanaume wanaomwita muuaji shujaa, na huyo Joyline, Mshauri, ndiye hunisuka nywele, Levis alimtaka mwaka jana akamkatalia. Mama anasema, "Wachana na yeye, hiyo ni stori ya simu tu. Levis hawezi chinja hata kuku." Nikikataa kusoma Ijumaa nitafutwa kazi, nikienda polisi nitamfungisha ndugu wa tumbo moja, nikinyamaza silali. Nifanye nini?

Dada Aliyechanganyikiwa, Free Area

Dada, pole. Nilikuhurumia mistari mitatu, halafu nikakasirika.

Jina la muuaji uliliandika mara nne, na nimelifuta kote. Waliouawa umewaita "wale warembo", basi. Walikuwa wanafunzi, wakiitwa Chepkurui, Jepkemei na Abby, na urembo wao haukuhusika. Eti alikataliwa. Nani hajakataliwa? Mimi nimekataliwa Nakuru hii hii, nikarudi nyumbani nikasonga ugali. Mmemtangaza wiki nzima kama bwana harusi, halafu unashangaa Levis naye anataka kutangazwa?

Muturi mwambie hapana, tena kwa maandishi. Akikufuta, utatafuta kazi nyingine, na si wewe wa kwanza. Mama mwambie kwa heshima kwamba hata yule wa hosteli, kwa maneno ya redio yenu wenyewe, alikuwa mpole. Na Levis hakutuma utani. Alimtaja mwanamke kwa jina na mahali anapofanya kazi. Ukienda polisi leo humfungi ndugu yako, unamzuia kabla hajajifunga mwenyewe maisha.

Lakini kilichonichosha kabisa ni hiki. Umeuliza habari ya kazi yako, ndugu yako na usingizi wako. Joyline afanye nini, hukuuliza.

Barua yako niliipata Jumatatu. Sikungoja gazeti litoke. Saluni za Bondeni si nyingi kiasi hicho, na nilimpata mchana huo huo. Jina lake halisi si Joyline, hilo nililibadilisha. Alisikia salamu zako akiwa na mteja kitini, na wateja wakacheka kwa sababu wewe ulicheka. Tangu hapo hufunga mapema na jirani humsindikiza. Hakujua Mfalme ni nani mpaka nilipomwambia. Jana tulikwenda naye kituoni akaandikisha taarifa, akapewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio. Askari wanataka kusikia salamu zenyewe, na rekodi iko kwenu.

Tukitoka kituoni aliniuliza jambo moja tu. "Sauti ya huyo mtangazaji niliijua. Huyo ni customer yangu miaka tatu, namba yangu ako nayo. Mbona hakunipigia?"

Beba rekodi uende kituoni leo, lakini kwanza mpigie simu umjibu wewe.