Jezi ya Kuinamia

Mama Sekela,

Ugonile. Salamu yetu hii ya kuulizana mtu amelalaje, sijui kama huko uliko inafaa, lakini sina nyingine. Barua hii naandika mwenyewe, sikumwita mtu. Herufi zangu unazijua, zinalala kama mpunga uliopigwa na mvua, ila zinasomeka. Wewe ndiye uliyenifundisha, basi ukishindwa kusoma lawama ni zako.

Sisi wazima. Kakao uliyopanda nyuma ya jiko imeanza kuzaa. Jiko lenyewe nimeliezeka bati jipya, yaani Sekela ameliezeka kwa mshahara wake, mimi nilisimamia. Cherehani yako nilikuwa nimeifunika kitenge, siigusi, mpaka mwezi huu.

Ni hivi. Mwanao siku hizi hafundishi tu, anacheza. Walimu wa kike wa huku Ndandalo wameunda timu ya mpira wa magongo. Kampira kadogo, kagumu kama jiwe la mtoni, wanakakimbiza chini kwa fimbo zilizopinda. Wakapata mechi na walimu wa Tukuyu, nahodha wao akatangaza kwamba asiye na jezi ya bluu yenye namba hachezi. Wenzake walinunua Mbeya. Hela ya Sekela ndiyo hiyo iko juu ya jiko. Akaniambia, "Baba, nitakaa nje nishangilie." Mtoto wangu mimi akae nje! Nikasema nitamshonea. Akacheka. Nikamwuliza, mtu aliyeshona midomo ya magunia ya mpunga tangu ujana wake, jezi itamshindaje?

Nikaenda Kasumulu, nikapata shuka la bluu la mtumba, zima, limetoboka pembeni tu. Namba saba nyeupe niliikata kwenye mkia wa shati langu la kanisani, ule unaochomekwa ndani ya suruali. Mungu anaona, mchungaji haoni. Sekela nilimpima kwa kamba, nikamsimamisha wima kama askari. Sindano zako mbili zilikatika, usinune. Siku tatu nilishona. Akaivaa, Mama Sekela, ikamkaa! Nikaita majirani waje waone.

Ndipo akashika fimbo yake, akainama.

Jezi ikapanda hadi mbavuni. Kwapani pakalia praaa. Ambakisye, yule jirani yetu asiyenyamaza hata msibani, akasema, "Mzee hongera, umeshona jezi ya kupigia picha." Nikamwambia Sekela basi acheze wima. Akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, bila kuinama hapo natembea na fimbo tu." Alicheka, ndiyo, lakini niliona alivyoikunja ile jezi, taratibu, kama mtu anayekunja nguo ya mgonjwa. Mechi ilikuwa keshokutwa.

Nikakaa na hasira yangu. Halafu nikakukumbuka. Wanawake wakija kushonewa blauzi za kupalilia mpunga, ulikuwa huwapimi mpaka uwaambie, "Inama. Inama kama uko jarubani." Wanainama, wanacheka, mimi napita nawatania kwamba mke wangu anashona nguo zenye mkia kama jogoo. Siku moja ukanijibu bila kuinua uso, "Mimi simshonei mtu wa picha, namshonea mtu wa kazi." Miaka yote nilidhani hujui kukata sawasawa. Nilikosea mimi. Nimeandika mara moja, sirudii.

Sasa kuna jambo la kuungama. Tulipoanua matanga, nguo zako zikagawanywa, ile blauzi yako ya kijani haikupotea. Niliificha mimi, chini ya magunia. Mdogo wako Tupokigwe ameniuliza mara tatu, mara tatu nimemjibu labda panya. Sasa nikaitoa, nikaitandaza mkekani. Nyuma ni ndefu kuliko mbele kwa kiganja kizima. Kwapani umetia kipande kidogo cha pembe nne, mkono uende unakotaka. Nikaelewa yote. Ila shuka la bluu lilikuwa limekwisha, na kitambaa kingine cha kutia sikuwa nacho. Nikashika mkasi. Mkono, Mama Sekela... mkono ulikataa.

Tupokigwe akanikuta hivyo hivyo. Akasimama mlangoni. "Shemeji. Kumbe panya mwenyewe ni wewe."

Nikangoja matusi. Hakutukana. Alitafuta wembe kwenye kopo lako la vifungo, akakaa chini, akasema, "Weka mkasi. Mshono wa dada haukatwi, unafumuliwa." Akafumua uzi wako tundu kwa tundu, analia, anaendelea. Mimi nikashona. Akasema nashona kama nafunga gunia. Nikamjibu magunia yangu hayajawahi kumwaga.

Pale uwanja wa shule, walimu wa Tukuyu walipouona ule mgongo wa bluu wenye mkia wa kijani, wakacheka. Nikawaacha wacheke, hata mimi nilicheka kwanza. Filimbi ikapigwa, Sekela akainama. Watu wote wanatazama mpira, mimi natazama mgongo. Jezi haikupanda hata kidole. Alikimbia ameinama, akageuka ameinama, akapiga, goli likaingia. Tulifungwa mbili kwa moja, lakini hilo moja ni letu, na mwamuzi nina maneno naye.

Mikono ya blauzi nimempa Tupokigwe, ni haki yake. Mimi nimebaki na kola. Usimwambie.

Sasa sikia. Walimu watatu wameniagiza jezi kama ya Sekela, na huo mkia wa kijani wanautaka hivyo hivyo. Wanakuja kesho asubuhi. Nakuahidi, cherehani yako haitafunikwa tena nikiwa hai, na hakuna mtu atakayepimwa humu ndani amesimama. Ambakisye nimemweleza huo upimaji ni wa mke wangu. Nimelisema mbele ya watu, kwa sauti.

Ndaga fijo, asante sana, fundi wangu. Pumzika. Kamba ninayo, na neno la kuwaambia kwanza ninalo: inama.

Mumeo,
Baba Sekela