Gitaa Lisiloinamisha Kichwa

Walukuba, Jinja

Kaka yangu mpendwa Gaster,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Nandutu na watoto wote hapo Mbale. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kikohozi cha shemeji kimepungua tangu mvua zikatike. Mimi nipo. Bega haliumi sana siku hizi, na jirani yangu Mastula bado ananisimamia kwa chakula kama mama mkwe. Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, halafu ungenipa moyo, na mimi leo sitaki kupewa moyo. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha kambi ya polisi, kile baba alichotulazimisha kukisema mpaka watoto wa mtaani wakatuita afande wadogo.

Kwanza nikupe habari za gitaa, kwa kuwa ndilo ulilonituma. Maneno yako niliyashika. Ulisema nisiangalie rangi wala jina lililoandikwa kichwani, niangalie uzito na jinsi mkanda unavyokaa begani, maana gitaa la besi la bei nafuu mara nyingi huwa na kichwa kizito kuliko mwili. Ukaniuliza kama mtulinga umeunga vizuri tangu ile boda iliponiangusha barabara ya Buwenge. Nikakujibu kwamba mfupa umeunga, kilichobaki ni kupata besi nyepesi tu, nirudi bendini kwako kabla ya harusi za Desemba.

Basi nikaenda kwa Bogere, yule anayeuza vyombo vya muziki vilivyotumika, kwenye maduka ya zamani ya Wahindi pale mjini. Mastula alinisindikiza, kwa kuwa siwezi kubeba mzigo. Bogere ni mtu wa maneno mengi lakini si tapeli. Alinipa kiti, akamsifu baba, akasema aliwahi kumwona akipiga besi kwenye sherehe za polisi, amenyooka kama mlingoti. Kisha akanishushia la kwanza, jeusi, limechongoka pembe mbili. Nililivaa, nikafanya kama baba alivyotufundisha: simama wima, achia mikono yote miwili, usilisaidie. Kichwa kikateremka hapo hapo kuelekea sakafuni, kama mbuzi aliyeona majani. La pili halikuinama, ila lilikuwa zito kama shina la mti, na mkanda wake mwembamba ulinikata pale pale penye mtulinga. Nikalivua, nikaomba jingine. Mastula akaniuliza kama nimekuja kununua gitaa au kuchagua mume. Nikamwambia ingekuwa mume ningeshachukua yule wa kwanza. Tulicheka sana, kaka. Nilikuwa na raha siku ile.

La tatu Bogere alilitoa chumba cha nyuma, akalifuta vumbi kwa shati lake. Lilitoka kanisa fulani lililoamua kubaki na kinanda peke yake. Rangi imebabuka, shingo ni fupi, mti wake mwepesi. Akaniambia, “Hii iko mwepesi kabisa, dada. Wewe vaa tu, utaona.” Nikafunga mkanda wangu mwenyewe, ule mpana wa ngozi uliokuwa wa baba. Nikaachia mikono. Halikuteremka, halikupanda, lilitulia tumboni kwangu kama mtoto aliyeshiba. Hata kwenye mtulinga sikusikia kitu. Mastula akapiga makofi, na mimi nikahisi machozi yanakuja, nikajua Desemba nitakuwa jukwaani, nyuma yako kidogo, upande wa kushoto.

Bogere akaunganisha spika. Nikaanza ule wimbo wetu wa kuwaingiza maharusi, ambao ningeupiga hata nikiwa na homa. Kidole cha shahada kikafika mahali pake, cha kati kikafika kwa kuchelewa. Viwili vya mwisho vikalala juu ya uzi, havikubonyeza. Sauti ikatoka ya kukwaruza. Nikarudia, ikawa ile ile. Bogere, kwa adabu yake, akasema nyuzi zimechakaa, akazibadilisha zote. Nikarudia. Akasema waya una kasoro, akaleta mwingine. Akazishusha nyuzi karibu na shingo mpaka mtoto mchanga angeweza kuzibonyeza. Mwishowe, alipoona hana tena cha kutengeneza, akaanza kupunguza bei bila mimi kumwomba. Mastula alikuwa ameacha kucheka. Nilitamani sana lile gitaa liwe na kosa, kaka. Nililikagua lote, sikuliona.

Kesho yake nilikwenda kwa Betty, yule anayenifanyisha mazoezi ya mkono hospitalini. Nilimwomba aniambie bila kunizungusha. Akasema mfupa uliunga, lakini mshipa wa fahamu unaotoka shingoni ulikatika siku ile ya boda, na kwamba kama ungekuwa wa kurudi ungesharudi. Akaniuliza kama sikuwahi kugundua. Nilikuwa nagundua kila siku, nikikamua nguo, nikifunga kifungo, na kila siku nilikuwa na jibu lingine.

Hapa ndipo pagumu. Lile gitaa la baba halikuwa na kosa. Nilikuja Mbale kwenye mazoezi baada ya ile ajali, noti zikanipotea, ukaniuliza kuna nini, nikakwambia gitaa la baba ni zito kichwani, linavuta mkono wangu wote. Niliamini nilichosema, naapa. Nawe ukaniamini, ukaliuza kwa wale watu wa Soroti ili mimi nipate jepesi. Miaka yote baba alilivaa, akaachia mikono, halikuinama. Mimi na wewe tulikuwa watoto, tukiangalia. Sijui nilisahauje hilo.

Najua utasema nigeuze, nipige kwa kushoto. Nimejaribu. Mkono wa kushoto hauna nguvu hata ya kukwanyua uzi, na wa kulia, huu unaoandika, haujui kitu kwenye shingo ya gitaa. Najua pia utataka kunishikia nafasi. Usinishikie. Mpe yule kijana Mukama, anapiga vizuri, na hachelewi mazoezi. Pesa ulizonipa za gitaa nimezikunja ndani ya mkanda wa baba, na vyote vipo kwenye mfuko huu anaouleta dereva. Mkanda ni wa Mukama. Mwambie aupake mafuta, usikauke.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na ukipita makaburini mwondolee baba majani. Usije Jinja kwa sasa. Nikitaka kuonwa nitakuita. Na siku mtakapomtafutia Mukama besi, mfundisheni lile somo la baba: avae, asimame wima, aachie mikono yote miwili, asilisaidie.

Mimi nimeshaachia.

Dada yako,
Akello