Ribaundi kumi na moja za mwenzake

Shoga, uko? Nimejifungia chooni hapa uwanjani, uso unaniwaka kwa aibu.

Si unajua wiki nzima nawapima wale fowadi wangu wawili wa timu ya kikapu, yupi aanze fainali Jumamosi? Namba 13, yule mrefu mcheshi, na namba 18, yule mpole asiyeongea.

Leo nikawakusanya wasichana wote, nikafungua daftari kwa mbwembwe. "Kumi na tatu, utaanza wewe! Jana mazoezini ulichukua ribaundi kumi na moja! Hivyo ndivyo mpira uliokosa kikapu unavyogombewa!"

Hakuna aliyepiga hata kofi moja.

Yule mrefu akanyoosha mkono. "Samahani kocha. Hizo ribaundi si zangu, ni za kumi na nane."

SI ZANGU! Mbele ya timu nzima!

Shoga, jana miwani niliiacha nyumbani. Kutoka benchi, namba 18 nikaiona 13, na nikaandika tu kwa kujiamini!

Nikamgeukia yule mpole. "Mbona hukusema?"

"Ningeonekana najipendelea, kocha."

Nikafuta jina, nikamwandika yeye. Yule mrefu alivyomkumbatia mwenzake, nilijifanya natafuta kalamu.

Kisha yule mrefu akauliza, "Kwani mimi nilipata ngapi?"

"Mbili."

"Basi nimpigie mama, asihangaike kuomba ruhusa kazini."

Walicheka mpaka wakakaa chini, na yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Nikamwambia, mama aje. Robo ya mwisho, mpira ukiwa mgumu, nitamwingiza yeye. Mtu wa namna hiyo nitamwachaje benchi?